Masaa 12 kwa wiki kwenye mashine ya kusafisha damu: wenzangu mnayatumiaje?

Dereva wa Kasumbalesa

Habari zenu wakuu. Naandika kwa kidole gumba kimoja kwa sababu mkono wa kushoto una sindano mbili na siruhusiwi kuukunja. Sasa hivi ni saa mbili na robo asubuhi, Jumatano. Nitafunguliwa saa tano.

Nina miaka 49. Miaka 25 nimeimalizia barabarani: mitatu ya mwanzo utingo, iliyobaki dereva. Njia yangu ilikuwa moja, Dar kwenda Lubumbashi. Chalinze, Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Uyole, Tunduma, halafu Zambia yote ile mpaka Kapiri Mposhi, unapanda Ndola na Chingola, unatokea Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Tunapeleka salfa au simenti, tunarudi na shaba.

Presha niliambiwa ninayo mwaka 2014. Nikapewa vidonge vya mwezi mmoja, vikaisha nikiwa safarini, sikwenda kuchukua vingine kwa kuwa sikuwa nasikia maumivu yoyote. Hilo ni langu, simlaumu mtu. Mwaka juzi nikiwa Mpika niliamka asubuhi viatu vikakataa kuingia. Nikadhani ni kukaa sana kwenye usukani. Nikaendesha kwa ndala mpaka Dar. Nilipopimwa, daktari alinigeuzia kompyuta nione namba mwenyewe, akasema figo zote mbili zimeshachoka. Tangu siku hiyo ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nafungwa mashine saa moja, nafunguliwa saa tano, saa saba nimefika nyumbani, nalala mpaka jua linazama.

Sasa hesabu. Kikao kimoja ni masaa manne. Kwa wiki 12. Kwa mwaka ni masaa 624, yaani siku 26 mchana na usiku bila kushuka kwenye kiti. Nilipopata jibu hilo nilishtuka, kwa sababu siku 26 ndiyo ilikuwa tripu yangu ya kwenda na kurudi Lubumbashi ukiweka na foleni ya mpakani. Kwa hiyo kila mwaka napiga tripu nzima nikiwa nimekaa pale pale, natazama dirisha ambalo nje yake kuna tangi la maji.

Kuna kitu wengi hawakijui kama hawajavuka. Ukitoka Tunduma ukaingia Nakonde unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Hapa ikiwa saa nne, Zambia ni saa tatu, na Lubumbashi wanakwenda na Zambia. Nilipokuwa kijana nililifurahia sana jambo hili. Nilikuwa namwambia utingo wangu kwamba tumepewa saa moja ya bure, tunywe chai taratibu. Wakati wa kurudi tunailipa, lakini wakati wa kurudi mtu una haraka ya nyumbani, hata huoni.

Binti yangu alizaliwa nikiwa Nakonde nasubiri karatasi za mzigo. Shemeji akapiga simu: mtoto wa kike, amezaliwa saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni, mama yake mzima. Nikatazama saa ya mkononi. Ilikuwa inasema saa kumi na dakika ishirini. Yaani kwa saa niliyoivaa, mwanangu alikuwa bado hajazaliwa. Nilisimama katikati ya malori nikaiangalia ile saa kwa muda mrefu. Nilimwona akiwa na siku 19. Leo ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na ndiye anayenifungulia geti nikitoka kusafishwa.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kiti cha pembeni yangu alikaa mzee mmoja, mstaafu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, umri wake karibu 70. Kila kikao anaweka msahafu mdogo juu ya mto, anasoma aya moja kwa sauti ya chini, anafumba macho anairudia, anafungua anahakikisha, anaingia inayofuata. Mimi ni Mlutheri, sikuelewa alichokuwa anasoma, ila niliizoea sauti yake kama dereva anavyozoea mlio wa injini yake. Siku moja aliniambia amehifadhi juzuu mbili, zote kwenye kiti kile, maana nyumbani wajukuu hawampi nafasi. Alifariki wiki mbili kabla ya Ramadhani. Ijumaa iliyofuata kiti kilikuwa na mtu mwingine.

Nikajiuliza: katika miezi ile ile, chumba kile kile, dawa zile zile, mimi nimepata nini? Nilikuwa naangalia video fupi kwenye simu. Masaa manne, moja baada ya nyingine. Nikafumba macho kama yeye nikajaribu kukumbuka video moja, moja tu, mwanzo hadi mwisho. Haikuja.

Naomba mliokaa kwenye viti hivi, au mnaokaa na wagonjwa, mniambie mnafanya nini hasa. Sitaki maneno ya kunitia moyo tu, nimeshapewa mengi. Nataka kujua mtu ameshika nini mkononi ikifika saa tatu asubuhi.

---

Mama wa Kongowea

Pole kaka yangu. Mimi niko Mombasa, huu ni mwaka wangu wa saba kwenye mashine. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, zamu ya mchana.

Jambo la kwanza nililojifunza, na lilinichukua karibu mwaka mzima, ni kwamba yale masaa manne hayalingani. Ukiyapangia kazi moja utajilaumu bure. Saa ya kwanza mimi kichwa changu ni chepesi kuliko wakati wowote wa siku. Nimekaa, sipiki, siitwi, hakuna mtoto anauliza soksi. Hiyo ndiyo saa yangu ya akili. Ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama, tuko 18, na hesabu zote za chama nazifanya hapo, daftari kwenye mto, kalamu mkono wa kulia. Miaka saba sijapotezea mtu hata shilingi.

Saa ya pili napiga simu. Simu moja tu. Nina orodha ya watu ambao sijaongea nao zaidi ya mwaka: mwalimu wangu wa darasa la sita, binamu yangu aliyeolewa Lamu, jirani tuliyekosana kwa ajili ya ukuta. Yule wa ukuta ilinichukua vikao vitatu kubonyeza. Sasa hunitumia samaki.

Saa ya tatu kwenda mbele, kaka, usiitegemee. Hapo ndipo presha yangu hushuka, miguu inabana, baridi inaingia hata kukiwa na jua la Machi. Nafunika blanketi, naweka redio sikioni, nanyamaza. Zamani nilikuwa nikiona muda huo umeharibika. Siku hizi siuiti hivyo tena. Mwili wangu unafanya kazi ngumu na mimi nakaa nao.

Lakini nikuambie, kazi kubwa si kwenye kiti. Ni siku za katikati. Wewe una Jumanne, Alhamisi, Jumamosi na Jumapili. Hizo usimpe ugonjwa. Mimi Jumatatu naamka niko Kongowea sokoni kabla jua halijawaka, nachagua mchicha wangu mwenyewe, nikifika nyumbani nauchemsha namwaga maji ya kwanza kama nilivyofundishwa, kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo zetu haziwezi kuyatoa. Kazi ndogo, lakini ni yangu. Mtu asinichagulie mchicha.

---

Sista wa Zamu ya Asubuhi

Kaka dereva, mimi ni nesi, nimefanya kazi kwenye vyumba hivi miaka tisa. Nakujibu upande ambao wagonjwa hawapendi kuusikia.

Figo nzima hazina likizo. Zinafanya kazi masaa 168 kwa wiki, ukilala, ukila, ukiendesha gari. Mashine inajaribu kuifanya kazi hiyo kwa masaa 12. Kwa hiyo kabla hujauliza utayatumiaje, hakikisha unayapata yote. Kila wiki kuna mtu ananiomba, sista nifungue nusu saa mapema, nina shughuli. Nusu saa tatu kwa wiki, kwa mwaka ni masaa 78. Hiyo ni damu ambayo haikusafishwa, na mwili unaidai. Wagonjwa wangu waliokaa muda mrefu wote wana tabia hii moja: hawaibi dakika kwenye mashine.

Mengine ya kushika. Ukiwa na kazi yako, mkono wenye sindano uache wazi, usiufunike kwa blanketi, ili sisi tuuone tukipita. Ukianza kupiga miayo mfululizo, au macho yakaona vitu vinacheza, weka simu chini na utuite hapo hapo, usimalizie sentensi. Mara nyingi ni presha inashuka. Na kwa kuwa wewe ni wa Ijumaa mpaka Jumatatu, pengo lile la siku mbili ndilo refu kuliko yote. Jumapili angalia maji unayokunywa na chumvi ya chakula, maana hayo ndiyo yanayofanya kikao cha Jumatatu kiwe kigumu na saa yako ya kwanza iende na maji.

Kuhusu mzee wa msahafu, najua wa aina yake. Tunaowahudumia huwa tunawasikia wote, hata kama tunaonekana tumeshughulika.

---

Kijana wa Kimara

Shikamoo mzee. Mimi natofautiana kidogo na waliotangulia, naomba mnisamehe.

Mama yangu alikaa kwenye mashine miaka minne. Sisi watoto tulikuwa na moto kama wako. Tukamnunulia vitabu, tukamwekea masomo ya Kiingereza kwenye simu, dada akamletea uzi wa kufuma mpaka tukaambiwa ule mkono hautakiwi kuchezeshwa. Kila akirudi tunamuuliza, leo umefanya nini mama? Siku moja akasema, nimechoka kuulizwa, leo nimelala. Aliposema vile nilikasirika, nikaona amekata tamaa. Hakuwa amekata tamaa. Alikuwa amelala tu, kwa sababu usiku miguu ilikuwa inamwasha na hapati usingizi, na kile kiti kilikuwa sehemu pekee iliyotulia.

Kwa hiyo mzee, kama siku fulani unataka kuangalia video zako, angalia. Usijihesabie masaa 624 kama deni la benki. Mama hakuwa na deni na mtu, na sisi tulimfanya ajione analo. Hilo linaniuma mpaka leo.

---

Mwalimu Mstaafu

Mdogo wangu, salamu. Nilifundisha biolojia miaka 33. Nina kitu kimoja cha kuongeza kuhusu hicho kiti, kwa kuwa umekiita tripu ya kukaa pale pale.

Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, daktari Willem Kolff katika mji mdogo wa Kampen alitengeneza mashine ya kusafisha damu. Alizungushia kwenye pipa la mbao mpira wa selofani, ule ule uliokuwa ukitumika kutengenezea soseji, damu ikawa inapita ndani yake na pipa linazunguka kwenye maji yenye chumvi. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Hakuacha. Mwaka 1945 mama mmoja wa miaka 67 alipona kwa mashine hiyo.

Lakini ilifaa kwa mtu ambaye figo zake zimeshtuka kwa muda tu na zitarudi. Kwa mtu kama wewe haikuwezekana, kwa sababu kila kikao kiliharibu mshipa, na mishipa ya mtu inaisha. Mwaka 1960 huko Seattle, Belding Scribner akafikiria kuacha mirija ya Tefloni, aina ya plastiki, mkononi moja kwa moja, iunganishwe mgonjwa akiondoka na ifunguliwe akirudi. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 baada ya hapo. Ile njia ya kuunganisha mshipa wa ateri na wa vena chini ya ngozi, nadhani ndiyo uliyofanyiwa wewe, ilitangazwa na madaktari wa New York mwaka 1966.

Gusa mkono wako usiku kukiwa kimya. Utasikia unatetema. Kabla ya mwaka ule wa 1960 hapakuwa na Jumatatu, Jumatano wala Ijumaa kwa mtu yeyote duniani mwenye ugonjwa wako. Nakuambia hili kwa sababu uliandika kama mtu aliyenyang'anywa masaa. Mimi nayaona kama masaa yaliyotengenezwa na watu, kwa mikono, kwa kukosea mara nyingi, na wewe umekabidhiwa. Ukilala ndani yake, umelala kwenye kitu cha thamani. Ukifanya kazi, vizuri zaidi.

---

Mjane wa Mbeya

Kaka, nimesoma jana usiku nikashindwa kujibu. Naandika leo.

Mume wangu alikuwa dereva wa njia hiyo hiyo. Alifariki 2016, si kwa ajali, kwa homa ya ini. Tuliishi kwenye ndoa miaka 18. Nina leseni yake, nina koti lake la baridi alilonunua Ndola, nina picha amesimama mbele ya gari. Watoto wananiuliza, baba alikuwa anafanya nini huko? Nawajibu alikuwa safarini. Ndilo jibu nililonalo. Sijui Mpika alikuwa analala wapi. Sijui Kitonga aliishuka kwa gia gani, wala alikuwa anawaza nini kwenye foleni ya Kasumbalesa siku ya sita. Alikuwa akirudi amechoka, nampikia, analala, na kesho yake tunazungumza ada na bati la jikoni. Sikuwahi kumwuliza. Nilidhani safari ni safari, siku moja ataacha kazi atanisimulia kibarazani.

Wewe umekaa masaa manne, mdomo hauna sindano. Una binti wa miaka 15. Nadhani hapo unajua ninachokuomba.

---

Dereva wa Kasumbalesa

Mrejesho, wakuu. Ni wiki ya saba tangu niandike. Niko kwenye kiti, saa tatu kasorobo, Ijumaa.

Sista, mkono uko wazi. Na sijaomba kufunguliwa mapema hata mara moja, ingawa siku ya mahafali ya mtoto wa kaka nilitamani.

Nilipomaliza kusoma maneno ya mama wa Mbeya sikuandika kitu, niliweka simu kifuani. Jumatatu yake nikafungua sehemu ya kurekodi sauti. Nikaanza: mwanangu, tunatoka Ubungo usiku saa sita, gari limebeba salfa, utingo anakagua kamba. Nikaongea dakika 20 nikafika mzani wa Vigwaza, nikachoka, nikasimama. Nikamtumia.

Jioni nikiwa bado nimelala alikuja akakaa mwisho wa kitanda na atlasi ya shule. Akaniuliza kwa nini gari inapimwa. Sikutegemea swali hilo. Nikamweleza uzito wa ekseli, jinsi mzigo ukikaa nyuma sana unavyolemea tairi za nyuma hata kama uzito wote uko sawa, jinsi barabara inavyoumia. Akaandika kwenye daftari kubwa la mistari, la kurasa 200. Tangu hapo imekuwa hivyo. Saa ya kwanza narekodi kipande kimoja cha barabara, kama mama wa Kongowea alivyosema, saa ya akili. Saa ya pili nasikiliza maswali yake ya kikao kilichopita na kumjibu. Halafu naacha. Ijumaa nyingi nalala kabisa, kijana wa Kimara, na simwambii mtu nimefanya nini. Maneno yako kuhusu mama yako yalinifaa kuliko unavyodhani. Mke wangu nimemsomea.

Morogoro kwenda Mikumi tulimaliza kwa vikao viwili. Alitaka kujua zile kilomita 50 za ndani ya hifadhi usiku zikoje: unapunguza mwendo, macho unayapeleka pembeni ya barabara siyo katikati, unatafuta macho yanayowaka, na kama ni tembo huoni macho, unaona giza limekuwa zito. Kitonga ilichukua wiki nzima. Nilimweleza kwamba mlima ule unashukwa kabla hujaanza kushuka: gia ndogo unaiweka ukiwa bado kileleni, unaliacha gari lishikwe na injini, breki unazigusa tu na kuachia. Anayekanyaga breki mfululizo utamjua kwa harufu. Akauliza, uliwahi kuogopa? Nikamjibu ndiyo, mwaka 2007, nikamweleza, na mama yake akasimama mlangoni akasikiliza, kwa sababu hata yeye sikuwahi kumwambia.

Kuna sehemu hakuna kitu. Mpika kwenda Serenje. Nimepita pale mara zaidi ya mia na nikifumba macho naona lami na miti tu, miti na lami. Nilikuwa napita usiku, nimechoka, nawaza kufika. Nilitaka kubuni kidogo ili daftari lisiwe na pengo, nikaona si haki. Tumeacha kurasa mbili wazi, ameandika juu yake "Mpika–Serenje" kwa kalamu nyekundu.

Tulipofika Nakonde nilimweleza habari ya saa na simu ya shemeji, kama nilivyoandika hapa. Nilidhani naijua yote. Akanitumia swali moja: baada ya ile simu ulifanya nini? Nilikaa karibu nusu saa nikitafuta. Ikaja polepole. Nilikaa juu ya tairi la akiba. Nilimpa utingo hela akanunue soda mbili. Halafu nikavua saa, nikaisogeza mbele iwe saa ya nyumbani, na sikuigeuza tena safari nzima ile. Hata Kasumbalesa wakiniambia njoo saa tatu, nilikuwa natokea nakuta ofisi imefungwa, nakaa kwenye benchi saa nzima nasubiri. Madereva wenzangu walishangaa. Hili nilikuwa nimelisahau miaka 15. Lingebaki huko kama asingeuliza.

Saa yenyewe ninayo, haitembei. Amesema atampelekea fundi.

Jumatatu tunaingia Kapiri Mposhi. Hapo ndipo reli ya TAZARA inapoishia, kilomita 1,860 kutoka Dar, na ameniomba niweke stesheni za njiani kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa sababu ya yule mzee. Aliwahi kunitajia zote kwa mpangilio, siku moja ambayo alikuwa na nguvu, toka Dar mpaka mwisho bila kusita. Mimi nilikuwa na simu mkononi, naitikia tu. Nimebaki na Mlimba, Uchindile na Makambako. Tutaanza na hizo tatu, na kama humu kuna mtu aliyefanya kazi kwenye treni hiyo, namwomba anisaidie nyingine.